Zebaki inakamata nini Chunya?

Kwenye mialo ya Chunya kuna neno moja ambalo wachimbaji wadogo wamelitumia kwa miaka mingi bila kuona ajabu yake. Husema kwamba zebaki "inakamata" dhahabu. Mawe yakishasagwa kwenye karasha, unga wake hutiwa kwenye karai, maji huongezwa, zebaki humiminwa kidogo, kisha mikono huzama humo na kukoroga. Ndani ya karai kuna mchanga, kuna udongo, kuna chuma, kuna vumbi la kila namna. Zebaki hupita katikati ya hayo yote kama haikuona kitu, mpaka ikutane na punje ya dhahabu. Hapo hukamata. Mwisho wa kazi mchimbaji hubaki na kibonge kidogo cheupe, hukikamua kwa kitambaa, hukiweka juu ya moto, zebaki hupaa na dhahabu hubaki.

Swali letu la juma hili ni jepesi kuliuliza. Zebaki hiyo iliyopaa, ikishaingia puani mwa mchomaji, na pua za mkewe na watoto waliokaa karibu na jiko, mle ndani inakamata nini? Mwilini mwa binadamu hamna dhahabu ya kukamatwa.

Ili tujibu swali hilo hatuna budi kuzungumza kwanza juu ya dhahabu ya Lupa, kisha juu ya vitu vidogo mno vilivyomo miilini mwetu viitwavyo vimeng'enya, ambavyo navyo kazi yao yote ni kuchagua na kukamata. Tutapita Berlin, tutapita kwenye kikapu cha muhogo, na tutarudi Chunya.

Dhahabu ya uwanda wa Lupa ilianza kuvuta watu kwa wingi katika miaka ya 1920, Tanganyika ilipokuwa chini ya Waingereza. Kabla ya hapo Wajerumani walikwisha kujua kwamba iko. Katika miaka ya 1930 Lupa ikafurika watu: Wazungu waliokimbia mdororo wa uchumi wa dunia, wafanyabiashara wa Kiasia, na Waafrika kwa maelfu. Vijana wa Kinyakyusa waliacha migomba ya Rungwe, wakavuka milima ya Mbeya na kuteremkia kwenye joto la Lupa kutafuta fedha ya kodi na ya mahari. Mji wa Mbeya tunaouona leo ulikua kwa sababu ya dhahabu hiyo, maana ndiko walikonunua chumvi, majembe na mabati. Mgodi mkubwa kuliko yote ya Lupa, wa Saza, ulifanya kazi kuanzia mwaka 1939 hadi 1956. Siku hizi Saza iko Mkoa wa Songwe, mkoa uliozaliwa mwaka 2016, lakini historia yake ni ya Chunya.

Makampuni yalipofunga virago, walibaki wachimbaji wadogo, na tumbaku ikashika nafasi ya dhahabu katika mazungumzo ya maofisa wa wilaya. Dhahabu lakini haikuisha. Mchimbaji mdogo aliendelea na karai lake na zebaki yake, na kwa kuwa zebaki haikamati dhahabu yote, mchanga alioutupa ulibaki na mali ndani yake. Mchanga huo huitwa marudio. Leo marudio yana soko. Hununuliwa kwa lori na wenye matangi ya kuchenjulia, na humo ndani ya matangi mkamataji si zebaki tena bali ni sayanaidi.

Mbinu ya sayanaidi iligunduliwa Glasgow, Uskochi, mwaka 1887, na mkemia John Stewart MacArthur akishirikiana na ndugu wawili madaktari, Robert na William Forrest. Haikupita miaka mitatu ikawa inatumika kwenye migodi ya Afrika Kusini. Ajabu yake ni uchaguzi. Maji yenye sayanaidi kidogo mno, pungufu ya sehemu moja katika mia, yakipata na hewa, huyeyusha dhahabu na kuuacha mwamba ulivyo. Kwa hiyo Chunya ina wakamataji wawili, mmoja kimiminika kinachong'aa na mwingine chumvi nyeupe. Wote wawili husifiwa kwa kujua kuchagua.

Sasa tuingie mwilini.

Chukua tonge la ugali, lisiwe na mboga, ulitafune taratibu bila kulimeza. Baada ya muda utasikia utamu. Utamu huo hukuuweka wewe. Kwenye mate kuna kimeng'enya kinachokata wanga wa mahindi vipande vipande vya sukari. Sasa chukua karatasi uitafune mpaka jua lizame, haitakuwa tamu. Lakini mkemia atakuambia kwamba karatasi nayo imejengwa kwa sukari ileile, glukosi, kama ugali. Tofauti ni moja tu: jinsi sukari hizo zilivyoshikana. Kwenye wanga zimeshikana kwa upande mmoja, kwenye karatasi kwa upande wa pili. Kimeng'enya cha mate kinaijua shikano ya kwanza, na ya pili hakiijui kabisa. Kutokana na tofauti hiyo ndogo binadamu hushiba ugali na hawezi kushiba magazeti, jambo ambalo sisi wenye kuyauza tumelikubali.

Aliyelifumbua fumbo hilo ni Mjerumani Emil Fischer, profesa wa kemia mjini Berlin, na mwaka ulikuwa 1894. Msomaji wa Iringa ataukumbuka mwaka huo kwa jambo jingine, maana Oktoba ya 1894 ndipo majeshi ya Kijerumani yalipoivunja ngome ya Mkwawa pale Kalenga. Wakati wenzake wakipiga mizinga Uhehe, Fischer alikuwa na chupa zake za sukari. Alitengeneza namna mbili za dutu moja, zenye atomi zilezile kwa idadi ileile, zikitofautiana kama kandambili ya kushoto inavyotofautiana na ya kulia. Akazipa jina la alfa na beta. Kisha akaleta vimeng'enya viwili, kimoja kutoka kwenye hamira na kingine kutoka kwenye lozi. Kile cha hamira kilivunja alfa, beta kikaiacha. Kile cha lozi kikafanya kinyume chake: kikavunja beta, alfa kikaiacha.

Fischer akaandika maneno ambayo yamefundishwa mashuleni tangu wakati huo: kimeng'enya na kile kinachofanyiwa kazi lazima vilingane kama kufuli na ufunguo. Hakuna akili ndani ya kimeng'enya. Hakionji, hakinusi, hakipigi kura. Ni protini iliyojikunja ikaacha kifuko chenye umbo fulani, na ndani ya kifuko kuna sehemu zenye kuvuta na sehemu zenye kusukuma. Kinachoingia na kukaa sawasawa hufanyiwa kazi. Kisichokaa hutoka kama kilivyoingia.

Kimeng'enya cha lozi alichokitumia Fischer kinastahili tukitazame zaidi, maana ndugu yake tunaishi naye. Katika lozi chungu kazi yake ya asili ni kuvunja dutu moja yenye sukari na kufungua sumu iliyofungiwa ndani yake. Sumu hiyo ni sayanaidi. Na ukoo huohuo wa vimeng'enya umo ndani ya muhogo.

Mmea wa muhogo ni mmea wenye hila. Katika kila chembe yake hai kuna chumba kimoja kinachohifadhi dutu iitwayo linamarini, ambayo ni sukari iliyobeba sayanaidi mgongoni. Nje ya chumba hicho, kwenye ukuta wa chembe, kumewekwa kimeng'enya kinachoijua linamarini. Maadamu ukuta wa chumba ni mzima, hao wawili hawakutani, na muhogo hauna neno. Akija mdudu au panya akatafuna, kuta hubomoka, kimeng'enya kinamwona mwenziwe, sukari inang'olewa, na baada ya hatua moja zaidi sayanaidi iko huru mdomoni mwa mwizi.

Mama zetu hawakusoma kwa Fischer, lakini waligeuza hila hiyo dhidi ya muhogo wenyewe. Wanapoumenya muhogo mchungu, wakauloweka siku kadhaa mpaka ukalainika, au wakaukuna, kazi yao ni kubomoa kuta ili kimeng'enya kikutane na linamarini yote, mapema, kabla ya chakula kufika sahanini. Sayanaidi inayofunguliwa huondoka na maji na hewa wakati wa kuanika. Kimeng'enya cha muhogo ndicho kinachousafisha muhogo. Ndiyo maana kuuchemsha haraka muhogo mchungu bila kuuloweka ni hatari: moto hukiua kimeng'enya, linamarini hubaki salama ndani, na hushuka tumboni, ambako bakteria wa utumbo wana vimeng'enya vyao vya kuifungua.

Nchi yetu imelipa kwa somo hilo. Mwaka 1985, wakati wa ukame wilayani Tarime, watu waliokuwa wakitembea vizuri jioni waliamka miguu imekakamaa, haikunjuki, na haikupona tena. Wengi walikuwa wanawake na watoto. Ugonjwa huo huitwa konzo, jina lililotoka kwa watu wa Kongo, lenye maana ya miguu iliyofungwa, na daktari wa Kiitaliano Giovanni Trolli aliuandika mwaka 1938 huko Kongo ya Wabelgiji. Msumbiji uliwahi kupiga watu zaidi ya elfu moja mwaka 1981, na kwetu ulirudi tena mkoani Mtwara mwaka 2002 na 2003. Katika sehemu hizo zote kisa kilikuwa kimoja. Njaa ilifupisha siku za kuloweka, na kwenye sahani hapakuwa na maharage, samaki wala nyama ya kusindikiza muhogo. Hilo la maharage na samaki lishikeni, tutalihitaji baadaye.

Kabla ya hapo niseme kwamba mfano wa kufuli na ufunguo, pamoja na uzuri wake, una tobo. Aliyelionyesha ni Mmarekani Daniel Koshland mwaka 1958. Alikitazama kimeng'enya kinachoshughulikia glukosi mara tu inapoingia kwenye chembe ya mwili. Kazi yake ni kuchukua kipande kutoka kwenye akiba ya nguvu ya mwili na kukibandika kwenye glukosi. Koshland akauliza: ikiwa kifuko cha kimeng'enya ni kufuli iliyokwisha kuchongwa, kwa nini maji yasiingie humo? Chembe ya maji ni ndogo mno kuliko glukosi, ingepenya bila shida, na ina mkono uleule wa kupokea kipande hicho. Maji yamejaa kila mahali mwilini. Kama yangepokelewa, tungeunguza akiba yetu yote ya nguvu bure.

Jibu lake lilikuwa kwamba kimeng'enya si kufuli ya chuma. Kinafanana zaidi na mkono unaoshika mpini wa jembe. Kabla ya mpini kufika, vidole viko wazi. Mpini unapokaa, vidole hujifunga, na ni hapo tu nguvu ya kulima inapopatikana. Glukosi inapoingia, kimeng'enya hujikunja na kuifumbata, na kujikunja huko ndiko kunakoleta sehemu za kazi mahali pake. Maji yakiingia, hayana umbo la kuvuta vidole vijifunge, kwa hiyo yanaingia na kutoka bila kitu kutokea. Miaka kadhaa baadaye picha zilizopigwa kwa mionzi ya eksirei zilikionyesha kimeng'enya hicho kimejifunga juu ya glukosi, kama alivyosema.

Kwa hiyo uchaguzi wa kimeng'enya ni mambo mawili: kulingana kwa umbo, na mshiko unaokuja baada ya kulingana. Sumu za Chunya zinapita katika milango hiyohiyo, na kila moja ina namna yake.

Tuanze na sayanaidi. Mwaka 1931 Mjerumani Otto Warburg alipewa Tuzo ya Nobel kwa kugundua kimeng'enya cha upumuaji. Hiki ndicho kituo cha mwisho cha hewa tunayovuta. Oksijeni hupita puani, mapafuni, kwenye damu, mpaka ndani ya kila chembe, na hapo inamkuta mpokeaji mwenye atomi ya chuma katikati yake. Warburg aliujua uwepo wa chuma hicho kwa sababu sayanaidi ilisimamisha upumuaji wa chembe kwa kiasi kidogo mno, na tabia ya sayanaidi ni kupenda chuma. Hukaa mahali palepale ambapo oksijeni ingekaa, tena hushika kwa nguvu. Mtu aliyepatwa na sayanaidi nyingi anavuta hewa, damu yake imejaa oksijeni, lakini chembe zake zinakufa kwa kukosa hewa, kama abiria aliyefika kituoni na kukuta kiti chake kimekaliwa na mtu asiyetaka kuondoka. Chini ya nusu gramu ya chumvi hiyo inatosha kumwua mtu mzima katika muda mfupi.

Hata hivyo mwili haukuachwa mikono mitupu. Mwaka 1933, wakati Lupa ikiwa kwenye shamrashamra zake, mwanasayansi wa Kijerumani Konrad Lang alieleza habari za kimeng'enya kinachoijua sayanaidi. Jina lake rodanesi, na kimejaa hasa kwenye ini. Kinaishika sayanaidi, kinaibandika atomi moja ya salfa, na kuigeuza kitu chenye sumu ndogo sana, ambacho figo hukitoa kwenye mkojo. Kila siku tunakula vyakula vyenye sayanaidi kidogo kidogo, na kila siku kimeng'enya hicho hutusafisha bila sisi kujua.

Lakini salfa hiyo inatoka wapi? Inatoka kwenye protini tunazokula. Hapo ndipo maharage na samaki wa Tarime wanapoingia. Mwenye kula muhogo usioloweka vizuri, naye hana protini, anacho kimeng'enya lakini hana salfa ya kukipa. Na ndiyo maana mojawapo ya dawa anazopewa hospitalini mtu aliyepatwa na sayanaidi ni chumvi yenye salfa: daktari hamletei mgonjwa kimeng'enya kipya, anamletea kimeng'enya alichonacho kitendea kazi. Dawa nyingine hufanya kazi kama chambo. Huweka ndani ya damu chuma au kobalti ambayo sayanaidi inaipenda, ili iache kiti cha oksijeni na kukimbilia huko.

Sasa zebaki.

Zebaki haiigi umbo la kitu chochote. Haifanani na oksijeni, haifanani na sukari, haina hila ya kujifanya ufunguo. Inachokitafuta ni kimoja tu, nacho ni salfa. Katika miaka ya 1830 mkemia wa Kideni, William Christopher Zeise, aligundua ukoo wa dutu zenye salfa ambazo hushikana na zebaki mara zinapokutana, akaziita kwa maneno ya Kilatini yenye maana ya "kinachokamata zebaki". Angalieni, ndugu wasomaji, kwamba profesa wa Copenhagen na mchimbaji wa Makongolosi walichagua neno lilelile.

Na salfa ya namna hiyo imo ndani ya protini nyingi za mwili. Vimeng'enya kwa mamia huitumia kwenye kifuko chao cha kazi, na vingine huitumia kama pini ya kushikilia umbo. Zebaki ikifika huifunga salfa hiyo, na kimeng'enya hupoteza kazi au hupotoka umbo. Kumbuka mkono wa Koshland: vidole vikifungwa kamba, mpini hata uwe mzuri namna gani hautashikwa. Zebaki haibagui kama ni kimeng'enya cha ubongo au cha figo. Ile sifa ya uchaguzi tuliyoiona kwenye karai haipo tena, au tuseme ipo kwa namna nyingine. Karaini ilitafuta dhahabu, na dhahabu ni haba. Mwilini inatafuta salfa, na salfa iko kila mahali.

Hilo ndilo jibu la swali letu la mwanzo, ila bado kuna kipande ambacho wengi hawakijui. Zebaki ya maji, ile inayong'aa, mtu akiimeza kwa bahati mbaya karibu yote hutoka chooni. Hapo ndipo linapotoka lile neno linalosikika vijiweni, kwamba zebaki haina madhara, fulani aliimeza na yu hai. Mvuke ni habari nyingine. Ukivutwa, kama sehemu nne katika tano huingia kwenye damu kupitia mapafu. Mvuke hauna chaji ya umeme, kwa hiyo hupenya utando unaolinda ubongo, na hupenya kondo la nyuma na kumfikia mtoto tumboni.

Na humo ndani inakutana na kimeng'enya kiitwacho katalesi. Mnakifahamu kwa kazi yake: nesi anapomimina dawa ya haidrojeni peroksaidi kwenye kidonda, povu jeupe linalochemka ni kazi ya katalesi. Kimewekwa mwilini kuvunja peroksaidi isituunguze. Lakini kikiwa katikati ya kazi hiyo, atomi ya zebaki ikipita karibu, kinaipokea nayo na kuivua elektroni mbili. Zebaki iliyovuliwa elektroni haiwezi tena kupenya utando kurudi ilikotoka. Imefungiwa ndani ya ubongo, na sasa ndiyo yenye njaa kali ya salfa. Kwa maneno mengine, mvuke wa zebaki huingia ubongoni mikono mitupu, na ni kimeng'enya chetu wenyewe kinachoukabidhi silaha.

Je, hakuna rodanesi ya zebaki? Hakuna. Sayanaidi ni kaboni na naitrojeni zilizoshikana. Kimeng'enya kinaweza kuigeuza kitu kingine ikaisha. Zebaki ni elementi, haivunjiki. Wako bakteria wenye kimeng'enya cha kuirudisha kuwa mvuke na kuitupa nje, lakini binadamu hatuna. Figo huitoa polepole. Nusu ya zebaki iliyovutwa huondoka mwilini kwa muda wa kama miezi miwili, na mchomaji wa kila juma hujaza upya kabla haijapungua. Ndipo mikono inapoanza kutetemeka, fizi kuvimba, usingizi kupotea, hasira kuja bila sababu, kumbukumbu kuyumba. Mijini na vijijini dalili hizo zina majina mengine. Husemwa ni pombe, husemwa ni uzee, husemwa amerogwa kwa ajili ya duara lake.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili kikundi cha Rudolph Peters pale Oxford, Uingereza, kilitafuta dawa dhidi ya gesi ya sumu yenye aseniki. Walijua kwamba aseniki hushika salfa ya kimeng'enya, wakatengeneza dutu yenye salfa mbili jirani iwe chambo kitamu kuliko kimeng'enya chenyewe. Baada ya vita dawa hiyo ilitumika kwa zebaki pia, na baadaye zikaja nyingine bora zaidi. Hufanya kazi vizuri mgonjwa akiwahi. Zebaki iliyokwisha kukaa ubongoni kwa miaka haitolewi kirahisi namna hiyo.

Nimesikia hoja kwamba basi suluhisho ni kuachana na zebaki na kuhamia sayanaidi. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake, maana tangi la sayanaidi linaweza kuzungushiwa uzio, na sayanaidi iliyobaki inaweza kuvunjwa kwa kemikali ikaisha, kitu kisichowezekana kwa zebaki. Lakini Chunya haijaanza na mchanga safi. Marudio yanayopelekwa kwenye matangi ni mchanga uliokwisha kupitia karai, nao umebaki na zebaki. Sayanaidi haiyeyushi dhahabu peke yake. Huiyeyusha na zebaki pia, na kuifanya itembee na maji kwa wepesi ambao haikuwa nao ilipokuwa imelala mchangani. Maji ya Lupa na Songwe mwisho wake ni Ziwa Rukwa, na Rukwa watu wanavua. Kwenye tope la mito na maziwa wako bakteria wanaoigeuza zebaki kuwa namna inayopanda kutoka mdudu hadi samaki hadi sahani. Namna hiyo ndiyo iliyowapofusha na kuwapindisha viungo watu wa Minamata, Japani, ambako ugonjwa ulitangazwa rasmi mwaka 1956 baada ya kiwanda cha kemikali kumwaga taka zake baharini. Na hii ina hila ambayo ile ya mvuke haina: ikishashika kipande cha protini, huonekana kama chakula cha kawaida, na mlango wa ubongo huifungulia kama unavyokifungulia chakula.

Ndiyo sababu Mkataba wa Minamata, ambao Tanzania iliutia saini mwaka 2013 na kuuridhia mwaka 2020, umezitaja kwa jina desturi nne za wachimbaji wadogo zinazotakiwa kukomeshwa. Ya kwanza ni kuchanganya zebaki na mwamba wote bila kuupunguza kwanza. Ya pili ni kuchoma kibonge hadharani bila kifaa cha kunasa mvuke. Ya tatu ni kukichoma kwenye makazi ya watu. Ya nne ni hiyo ya kutia sayanaidi kwenye marudio yenye zebaki kabla zebaki haijaondolewa. Mtu aliyetembea Chunya siku moja tu ameziona zote.

Tangu mwaka 2019 kuna masoko rasmi ya madini, Chunya likiwemo, na dhahabu inayofika pale hupimwa, huandikwa na hukatwa kodi. Zebaki iliyotumika kuipata haiandikwi popote. Kwa makadirio ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, uchimbaji mdogo wa dhahabu ndio uliomwaga karibu asilimia 38 ya zebaki yote iliyotupwa angani na binadamu mwaka 2015, kuliko shughuli nyingine yoyote. Retoti, yaani kile chungu cha chuma chenye mfuniko na bomba la kuurudisha mvuke uwe maji tena, si chombo cha ajabu. Fundi wa kuchomelea anaweza kukitengeneza kwa mabomba ya maji, na zebaki inayonaswa hutumika tena, maana nayo hununuliwa kwa fedha. Mchomaji anayeikataa atakuambia kwamba inachelewesha, na kwamba mwenye mali anataka kuiona dhahabu yake ikigeuka rangi mbele ya macho yake asije akaibiwa. Nadhani hilo la pili ndilo lenye uzito, na maofisa wanaogawa retoti huku hawazungumzii wizi wanapoteza muda wao.

Wakati huohuo kibonge kinaendelea kuchomwa jikoni usiku, kwa sababu ya usalama wa mali. Zebaki huchemka kwenye nyuzijoto 357, dhahabu haiyeyuki mpaka 1,064, kwa hiyo moto wa mkaa unatosha kuzitenganisha. Mvuke hauna rangi wala harufu. Ukipoa hutua kwenye kuta, kwenye godoro na kwenye sakafu, na jua likipasha bati mchana hupanda tena kidogo kidogo, siku nyingi baada ya dhahabu kuuzwa. Anayekaa chini kabisa ya nyumba ile, karibu na sakafu, ni mtoto anayetambaa.